Siku ya Tisa, Kupanda Shap

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kendal.
Ukumbi wa kanisa tuliolala sakafuni unanuka
soksi mbichi, grisi na dawa ya kuchua misuli.
Harjinder ameshaamka. Anabonyeza matairi
kwa kidole gumba, kama anachagua parachichi.
Dilys anagawa uji wa shayiri bila kuuliza nani anataka.
Nje, mvua. Si ya kupita. Ya kukaa.

Ukucha wa mguu wangu wa kushoto ni mweusi tangu Bristol.
Nimeupa jina, Bwana Mkubwa,
na kila asubuhi namwomba ruhusa ya kuvaa kiatu.

Tuko sita, baiskeli ni tatu.
Kila maili tano aliyekimbia hupewa tandiko,
aliyeendesha hurudishiwa miguu yake,
na hakuna anayeridhika na alichopata.

Saa mbili nawapenda wote.
Upepo uko mgongoni, Iestyn anaghani kitu kwa Kiwelisi,
Maud, aliyegawa barua miaka thelathini na moja,
anakimbia kama bado kuna mbwa nyuma yake.
Saa nne siwezi kumwangalia mtu.
Nani kamaliza karanga?
Nani kaniachia baiskeli yenye gia inayoruka?
Na Fergus, mwenye ramani, anasema,
"Hiki ndicho kilima cha mwisho."
Jana alisema hivyo mara nne.

Barabara inainuka, inajikunja, inainuka tena.
Kuta za mawe, kondoo, ukungu, lori la maziwa
linalotumwagia dimbwi zima la maji.
Naanza kuhesabu mizani kwa pedali, nane na nane:

*Wa kulia ukishuka, wa kushoto unapanda,*
*Mnyororo unacheka, na goti linanipinda,*
*Kileleni sijafika, pumzi imeniponda,*
*Nani aliyenitaka, kuacha changu kitanda?*

Ubeti wa pili haukuja. Nilitapika uji.

Karibu na kilele tukamkuta Fergus ameketi ukutani.
Goti lake limevimba kama andazi.
Alitaka kutuonyesha tulipo,
akaifungua ramani, nayo ikamfia mikononi,
vipande vipande, Uskoti yote ikaanguka matopeni.
Hakuna aliyecheka. Tungecheka kesho.
Maud akatoa ndizi kutoka kifuani mwake,
imepondeka, ina joto la mwili,
akaikata nusu. Fergus akaila kimya.
Kondoo mmoja akatusogelea,
akatuona hatuna maana, akaondoka.

Hakuinuka kwa ushujaa. Aliinuka kwa baridi.
Tukampa baiskeli yenye gia nzuri,
nami nikapokea zamu yake ya miguu
huku nikinung'unika ili asinishukuru.

Wahenga walishasema kuhusu mchongoma na kushuka kwake.
Vidole vilikufa kwenye breki.
Lakini baada ya kijiji mawingu yakapasuka kidogo,
bonde likajifungua, kijani hadi kukera,
na watu wazima sita, wengine kwa magurudumu, wengine kwa visigino,
walikuwa wakipiga kelele kama watoto wa shule iliyofungwa mapema.

Pancha mbili kabla ya Penrith. Ugomvi mmoja, kuhusu pampu.

Usiku, redieta moja ukutani na soksi za watu saba,
maana Dilys naye alishuka garini kusukuma.
Mama akapiga simu kutoka Muheza.
"Nani anakufukuza?"
Hakuna, Mama.
"Unalipwa?"
Hapana.
"Na huko mwisho kuna nini?"
Bahari.
"Na mlikoanzia?"
Bahari.

Akanyamaza muda mrefu. Nikasikia kuku wake.
"Basi angalau vaa soksi kavu."

Nikageuka kuitazama redieta.
Iestyn alikuwa amezitoa zangu, ameweka zake.