Namba ya Ubavuni

Mimi ndiye mchora vibao wa stendi ya Kyela.
"Saluni ya Tusekile." "Supu ipo." "Usikojoe hapa."
Herufi zangu anazisoma hata aliyeishia darasa la pili.
Na zile boti nyeupe za starehe kule Matema,
zinazozungusha wageni hadi Ikombe kuona vyungu,
namba za ubavuni ni mkono wangu.

Sheria naijua kwa brashi, sikuisoma kitabuni.
Namba ikae pande zote mbili za omo,
nyeusi juu ya nyeupe, isomeke kutoka mbali,
isifunikwe na tairi wala bendera ya timu.
Lakini karatasi kwanza.
Mkaguzi aigonge boti kama anayenunua tikiti,
ahesabu maboya, apulize filimbi,
autikise mtungi wa kuzimia moto,
aandike: watu sita, basi.
Ndipo nami nifungue kopo.

Asajile alikuja Alhamisi Kuu, hana karatasi.
"Chora tu, fundi. Nani anasoma namba? Watu wanasoma bei."
Namba ipi?
"Yoyote."
Akaniwekea elfu ishirini na kilo tano za mchele.

Nikachora 317.
Wiki ile ile nilikuwa nimemchorea Ambokile wa Lyulilo,
halali, mhuri wake haujakauka,
na mkono ukishaizoea namba huirudia
kama ulimi unavyolirudia pengo la jino.

Jumamosi boti ya watu sita ilibeba kumi na mmoja.
Nahodha alikuwa na bia tatu tumboni.
Si nyingi, alisema baadaye, kituoni.
Maboya yalikuwa manne, yamefungwa chini ya kiti
kwa fundo zuri, la kudumu.
Upepo ukashuka Milima ya Livingstone bila kubisha hodi.

Waliowaona ni wafinyanzi wa Ikombe,
wanawake watano kwenye mtumbwi, wakiwahi mnada.
Walitupa vyungu majini, ishirini na viwili,
kazi ya wiki tatu,
ili watu wapate pa kukaa.
Na mmoja wao, mwenye simu, akaisoma namba.
Nilichora vizuri. Ilisomeka kutoka mbali.

Ofisi ikafungua daftari.
Daftari likasema: Ambokile. Mke, Subilaga. Simu, hii hapa.

Subilaga alikuwa anamenya ndizi.
Saa nane turubai lilikuwa limeshasimama uani,
wazee wamekaa, kuni zimepasuliwa.
Saa kumi na moja Ambokile akashuka kwenye bodaboda,
ametoka Tukuyu kununua plagi za injini,
akawauliza watu wa nyumbani kwake:
"Poleni. Nani tena?"
Wengine walikimbia. Subilaga alimpiga kofi,
kisha hakumwachia shati hadi usiku.
Hadithi hiyo Kyela nzima inaichekea, na mimi huwa nacheka,
nikiwa na watu.

Maana kumi waliokolewa.
Wa kumi na moja ni Lugano, mdogo wake Asajile,
miaka kumi na sita, mshika kamba.
Na kwa mama yao hakuna aliyekwenda.
Daftari halikumjua.
Msiba wake ulikuwa unaliliwa nyumba nyingine,
naye alikuwa amefunika sahani mbili kwa kawa
akiwalaani watoto wasiojua saa ya kula.
Aliambiwa saa tatu usiku, na mpita njia
aliyedhani anajua.

Namba ile niliifuta kwa petroli. Haikutoka yote.
Jua likiwa la upande, bado unaiona.

Wiki iliyofuata mama yule alinifuata stendi.
Msalaba ulikuwa tayari, wa mninga, alitaka jina.
Nikachovya brashi. Akanishika mkono.
Akafungua kanga, akatoa cheti cha kuzaliwa,
kimekunjwa mara nne,
akakilaza mbele yangu juu ya benchi.
"Karatasi kwanza," akasema.
Akasimama pale, herufi kwa herufi,
hadi nilipomaliza.