Ngazi za Amani

Miaka kumi na tisa mama yangu, Zubeda Shemdoe,
alikwangua vigoga kwenye ngazi za mawe,
Amani, juu ya Muheza,
kwa kisu kilichovunjika ncha na ndoo ya maji.
Maji! Kumbe anavinywesha.

Hakina mzizi, kigoga. Kinashika tu,
kama mtoto anavyoshika upindo wa kanga.
Hakina ua, hakina mbegu: kina vijiti
vyembamba kuliko unywele, na kila kijiti na kibuyu chake,
na ndani ya kibuyu vumbi
la kuanzia upya.

Alipostaafu walimpa cheti na blanketi.
Mimi nikakuta kwenye mfuko wa aproni yake
kipande kimoja, kikavu, rangi ya tumbaku,
kimelala humo tangu kiangazi cha mwaka juzi.
Nikakiweka kwenye kisosi, nikakidondoshea maji.

Chai haijachemka bado, kimekunjuka,
kijani,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mama akakiinamia.
“Huyu,” akasema, “namjua.”
Akaenda kukiweka nje, nyuma ya jiko,
kwenye jiwe lenye kivuli
asipopita mtu akateleza.