Moja, Kama Kawaida

Twaha wa kibanda cha Guraya
bado akiniona hunyosha mkono kwenye pakiti:
"Moja, kama kawaida?"

Moja. Ndivyo tulivyoanza, mimi nayo.
Moja baada ya mahamri,
moja kabla ya zamu ya Kilindini,
moja ya kuisindikiza ile moja.

Siku ya nne nililala kifudifudi kwa Ustadhi Badi, Kibokoni.
Akanipachika vikombe saba,
ngozi ikavutwa, ikavimba,
damu ikatoka nzito kama maji ya ukwaju.
"Moshi huo," akasema.
Sikumbishia. Aliyelala kifudifudi hana hoja.

Shemeji akaleta habasoda na asali.
Daktari wa Makadara akasema, "Kunywa, haidhuru,
ila njoo nikupime pumzi."
Nikapuliza mrija;
mshale ukapanda kidogo, ukaona haya, ukarudi.

Usiku wa tisa niliokota kipisi barazani,
nikakinusa,
nikakirudisha chini taratibu kama mali ya watu.

Mkono ndio uliobaki yatima.
Baada ya kula haujui pa kukaa.
Nimeufundisha kumenya tangawizi,
kuhesabu karafuu mfukoni,
kumfunga Saumu vifungo vya sare ya shule.

Jana aliniegemea kifuani, akanusa shati,
akakunja uso:
"Mbona hunuki kama Baba?"
Nikacheka, nikakohoa,
nikarudi nikakimalizia kicheko changu.

Leo Twaha kanyosha mkono tena.
"Nipe kiberiti," nikamwambia.
Akatabasamu, akaifuata pakiti.
"Kiberiti tu, Twaha. Cha jiko."