Matuta ya Shaba

Ilikuwa nyuma ya madumu ya mafuta ya taa,
stoo ya misheni, Rungwe, mwezi wa sita,
ukungu umeingia hadi ndani kama mgeni asiyepiga hodi.
Karatasi ya Ulaya, miaka mia nne au karibu,
kona moja imeliwa na panya.

Fundi alichonga bamba la shaba kwa ncha ya chuma.
Rangi hakuwa nayo, alikuwa na mistari tu,
akaipiga mteremkoni, tuta kwa tuta,
kama tunavyolima viazi Isyonje:
ikikaribiana, pakawa kivuli,
ikiachana, pakawa bega la mungu wa kike anayeoga.

Maana yupo, chemchemini, na wajakazi wake,
mungu wa Warumi, na hasira ya aliyechunguliwa.
Kijana mwindaji amepotea njia, basi.
Kosa lake ni macho.
Amerushiwa maji. Tazama paji:
pembe zinachipua, zina matawi
kama mkahawa uliosahauliwa kupogolewa.
Mbwa wake wamesimamisha masikio.
Anataka kuwaita. Mdomo umeshakuwa wa mnyama.

Nikakaa juu ya dumu.

Mjomba Asangalwisye alifuga watatu:
Mtasema, Sijali, na Deni.
Aliporudi toka hospitali, koo limefungwa bandeji,
kilo zake ishirini zimebaki huko, ananuka dawa,
walimtokea kwenye migomba.
Aliwaita kwa majina.
Ikatoka hewa.
Ni mkewe, Tupokigwe, aliyepiga kelele, mwiko mkononi,
ugali unaungua nyuma yake.
Kovu la kigimbi alizikwa nalo.

Chuoni, tulipochonga mpira wa tairi kwa wembe,
walitufundisha: chapa hugeuza.
Kulia kwa bamba ni kushoto kwa karatasi.
Basi kwenye shaba yenyewe,
ambayo labda iliyeyushwa zamani ikawa sufuria,
mwindaji alikimbia upande mwingine.
Sijui kama huko kulikuwa na njia.

Nimeipeleka dirishani, nikaigeuza mgongo,
mwanga wa ukungu ukapenya wino.
Sasa anakimbilia Kiwira.
Na nikamwona niliyempita mara zote,
mbwa wa nyuma kabisa, mdogo, nusu yake imeliwa na panya:
amekaa.
Masikio chini. Hakimbizi mtu.

Deni, siku ile, hakubweka.