Daftari la Matone

Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa tatu na robo, simu yalia.
Ni Päivikki, nesi wa hospitali ya Oulu:
"Taisto, tuanze. Pedi ngapi kwa siku?"

Haniulizi hali. Nampendea hilo.
Maana hujambo ningeijibu sijambo
na uongo wangu ungepita bila kupingwa.
Pedi zina idadi. Idadi haijui haya.

Tezi waliitoa Februari, mto ukiwa barafu tupu.
Daktari akasema nimepona, akafunga faili,
nami nikarudi nyumbani nikivuja
kama mabomba niliyolipwa miaka thelathini na minne kuyaziba.
Mganga hajigangi; fundi naye hajizibi.
Orvokki alicheka, kisha akalia,
kisha akavaa koti akaenda kununua shuka ya mpira.

Kazi niliyopewa: kaza, hesabu hadi tano, legeza.
Nakaza nikingoja kahawa ichemke.
Nakaza kwenye foleni dukani, viazi mkononi,
uso mtulivu kama wa shemasi,
hakuna ajuaye shughuli iliyoko huko chini.

Daftari lasema: Machi, tano.
Mei, nne. Juni, nne tena (mafua).
Agosti, mbili.
Habari za kitandani naziandika kwa herufi moja,
na maana yake anaijua Orvokki tu.

Sauna ya Alhamisi niliikimbia miezi minane.
Nilisingizia mgongo.
Mle wanaume hukaa uchi,
na uchi hauna mfuko.

Oktoba nikaenda. Nikakaa ubao wa chini, karibu na mlango.
Reijo akamwagia mawe maji, mvuke ukatumeza,
akasema bila kunitazama:
"Mimi mwaka wa nne huu.
Chafya ikija, kaza kwanza."

Basi. Hakuna aliyeongeza neno.
Jasho likatutiririka sote,
na nani angeweza kubagua tone na tone?

Leo Jumanne. Damu imesomwa:
sifuri, nukta, sifuri na kitu.
Hicho kitu nitalala nacho hadi Januari.

"Pedi?"
Moja. Na ya akiba kotini.
"Andika."

Naandika. Theluji ya kwanza yaanguka dirishani.
Pua yawasha.
Nakaza kwanza.