Safu ya Hasara

Mimi ndiye niliyecheka.
Niliandike hilo kwanza,
kabla sijapata ujanja wa kulisahau.

Dilkumari Pun, fundi wa barabara za kata,
alileta mchoro wa kalavati
ya kona ya saba, kijito cha Bhangere:
upana mita nne, kimo mita tatu.
Nikamuuliza, unataka kupitisha tembo?
Kijito chenyewe, mwezi wa Chait,
mbuzi hukivuka bila kulowa magoti.
Bomba la zamani lilikuwa la sentimita sitini,
liliwekwa na watu wenye akili timamu,
nami, mhasibu, nilikuwa na bei zote mbili
kwenye karatasi moja,
zikikwepana macho kama mtu na mkwewe.

Hakubishana. Alinipandisha mlimani
kwa viatu vyangu vya ofisini.
Akanyoosha kidole juu, juu ya kofia yangu:
nyasi kavu zimenasa kwenye matawi,
kipande cha kandambili,
na mwamba uliochubuka kimo cha bega.
"Maji yameweka kumbukumbu zake," alisema.
"Wewe si mtu wa vitabu? Soma."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta,
ndivyo tulivyofunzwa.
Huyu alikuja kutuomba tuugharimie ufa,
ufa mpana wenye sakafu ya zege
na mabawa ya mawe,
ili ukuta ubaki.

Nilitia sahihi. Si kwa imani.
Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha,
na pesa isiyo na mkataba hurudi Kathmandu.

Walijenga baada ya Dashain.
Wanawake walibeba mawe kwa vikapu,
kamba kwenye paji la uso,
wakajaza vizimba vya waya, kimoja juu ya kingine.
Kwenye mteremko walipanda amriso,
majani ya kufagilia.
Nikasema, kumbe tunalima mifagio.
Watu walicheka. Nilikuwa na kipaji.

Mwaka wa kwanza, hakuna. Wa pili, mbuzi walijificha jua humo ndani.

Wa tatu, usiku mmoja wa Saun,
mvua ya mwezi mzima ilinyesha kwa saa tano.
Nilisikia mawe yakigongana ndani ya maji
kama meno ya mwenye homa.
Sikulala. Nilihesabu: mita nne, mita tatu,
mita nne, mita tatu,
kama anayesali kwa dini asiyoijua.

Alfajiri nilishuka na tochi.
Tope lilikuwa limepaka kuta za kalavati
na kuacha mstari ulionyooka kabisa.
Kutoka mstari hadi dari
nilipima kwa mkono wangu mwenyewe:
shibiri moja.

Saa kumi na mbili na robo gari la maziwa lilipita juu yetu,
kama jana, dereva akitafuna kitu.
Hakupunguza hata gia.
Kata ya jirani walikuwa na bomba la sentimita sitini.
Sasa wana korongo.

Fomu ya maafa ilitoka wilayani saa nne.
Madaraja: sifuri. Nyumba: sifuri.
Mifugo: sifuri. Watu:
hapo nilikaa kidogo na kalamu.
Nilitafuta safu ya maziwa yaliyofika,
ya watoto waliochelewa shule kwa uvivu tu.
Haipo. Sifuri zangu zilipangana pale kama mayai,
na hakuna atakayeuliza nani aliyatamia.

Nilimkuta Dilkumari chini, matope hadi kiunoni,
akichota changarawe kwa sepetu.
"Lisiposafishwa kabla ya mvua ijayo,
hili nalo ni ukuta," alisema.
"Vibarua wanne, siku sita."
Nikaandika kwenye kiganja.
"Halafu kona ya kumi na moja. Pale ni mita tano."

Tembo alinifika ulimini.
Nikammeza.