Ukoo wa Picha Tatu

Elspeth Garvock, msafishaji wa picha,
alishuka ngazi za hospitali ile ya London
mvua ya Machi ikimchuruzika shingoni.
Chupa ilishafika kwa treni, imefukiwa barafuni:
makamasi ya mvulana wa shule.
Kwao walisema mafua tu, Jumatatu atapona.

Tone moja, juu ya wavu wa shaba
mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Rangi nzito ya madini ikajaa kandokando,
ikaacha weupe pale kitu kilipo.

Akazima taa.
Kwanza takataka. Kisha takataka.
Kisha, hebu,
kiduara, na ukingoni vijiti vyenye vichwa vinene,
kama pini kwenye kifuko cha mshonaji.

"Virusi vya homa, vimeharibika,"
akasema Dakta Pennefather, kofia tayari mkononi.

Hakubisha. Alivuta droo,
akatoa picha ya kuku aliyekufa akikohoa,
na ya panya mwenye ini bovu,
akailaza ile mpya ubavuni mwao, bado mbichi kwa dawa.
Vijiti vilevile. Vichwa vilevile.
Pennefather akaitundika tena kofia.

Jina walibishania hadi chai ikaingia utando.
Huyu aliona jua lililopatwa, yule aliona taji;
Kilatini, chenye neno moja kwa yote mawili,
kikawaamua.

Usiku, chumbani kwake, Elspeth alipiga chafya
mara mbili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemao husema.
Mgeni alishakuja.
Mwenyeji akatafuta leso.